AI ya Geto: Siri Zibaki Unyambwa

Oya wana, tuelewane mapema: ile AI unayochati nayo kwenye simu haiishi kwenye simu. Kila unachoandika kinasepa na bando lako, kinapita kwenye nyaya za chini ya bahari, kinatua kwenye seva za watu huko majuu, halafu ndiyo jibu linarudi. Ukiuliza swali la hesabu la Fomu Foo, freshi tu. Ila kuna masela wanaiuliza ishu za afya ambazo hata daktari hawajamwambia, kuna masista wanaibandikia chati zote za mpenzi wao, na kuna mwana amepiga picha daftari la madeni la duka la bi mkubwa, akalituma zima, na majina ya majirani yamo humo. Vitu vya aina hiyo vinatakiwa vibaki geto.

Na geto vinakaa vizuri tu. Hapa Unyambwa, kata ya Manispaa ya Singida, unaweza kuwa na AI yako binafsi ndani ya laptopu ya mtumba. Haili bando, haipeleki stori zako kwa mtu, na mnara ukilala yenyewe inapiga kazi. Mimi naitumia na naipenda kinoma, kwa hiyo nataka kila mwenye mashine kitaani ajue inavyowekwa.

Mchongo ulianza 2023. Februari mwaka huo Meta walitoa modeli yao ya Llama kwa watafiti tu, na haikumaliza wiki nyingi ikavuja mtandaoni. Machi, jamaa wa Bulgaria anayeitwa Georgi Gerganov akaandika programu ya llama.cpp, inayofanya modeli za namna hiyo zikimbie kwenye kompyuta ya kawaida bila zile kadi za bei mbaya. Mlango ukafunguka hadi kwa sisi tusio na mkwanja. Tangu hapo kampuni kibao zimeachia modeli ndogo za bure: Google wana Gemma, Alibaba wana Qwen, Wafaransa wana Mistral.

Ujanja uko kwenye kubana. Modeli ni faili moja zito la namba. Ukiwa na modeli ya namba bilioni 4, na kila namba imehifadhiwa kwa baiti 2, hiyo ni giga 8. Laptopu ya RAM giga 8 haiwezi, maana Windows nayo inataka chake. Sasa zile namba zinakadiriwa, kila moja inapewa biti 4 tu, yaani nusu baiti, na faili linashuka hadi giga 2 na ushee au 3. Ni sawa na kupima magunia ya alizeti kwa kilo badala ya kuhangaika na gramu: mnunuzi bado anajua gunia lipi zito. Modeli inapungua ukali kidogo, ila inaingia kwenye mashine yako.

Mashine yenyewe usijitese. Zile laptopu za maofisini zilizostaafu Ulaya na kuja kuuzwa Kariakoo zinatosha. Hakikisha RAM ni giga 8 kwenda juu, 16 ndiyo raha, na diski iwe SSD. Muuzaji akikwambia "RAM 16 hiyo", mwambie awashe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, soma mwenyewe sehemu ya memori. Ndiyo utoe mshiko.

Sasa shuka mjini kwenye Wi-Fi, kwa sababu faili hili halishuki kwa bando la jero. Daunlodi Ollama, programu ya bure inayokurahisishia kila kitu, iweke, kisha fungua lile dirisha jeusi la amri na uandike: ollama run gemma3:4b. Hiyo ni Gemma 3 ya namba bilioni 4, iliyotoka Machi 2025, na unashusha giga 3.3. Ikimaliza, mshale unakaa unakusubiri. Rudi geto, zima Wi-Fi, zima data, hakikisha hakuna kitu, halafu iandikie swali kwa Kiswahili. Feni inaanza kuvuma. Sekunde kadhaa kimya. Kisha maneno yanaanza kudondoka, mengine nusunusu, silabi mbili kwanza na mkia baadaye, taratibu kiasi kwamba unasoma huku inaandika. Mtu wangu, huo mzuka sina namna ya kukuelezea: laptopu haijaunganishwa na chochote, na inakujibu.

Mwana wa jirani hana bando la kushusha? Mpe kwenye flashi. Ila ukitaka kumpa modeli kubwa zaidi, flashi nyingi za mtaani zimefomatiwa kwa FAT32, na hiyo haipokei faili moja linalozidi giga 4. Ukiona inagoma ilhali nafasi ipo, hamisha vitu vyako, ifomati upya kwa exFAT, itakubali. Kuna pia llamafile, iliyotoka kwa Mozilla Novemba 2023, ambayo modeli na programu yake vimo kwenye faili moja, huna haja ya kuweka kitu kingine chochote.

Kuifanya iwe yako si kazi. Unaandika faili dogo linaloitwa Modelfile. Mstari wa kwanza unasema FROM gemma3:4b, unaofuata unaandika SYSTEM na maelekezo yako. Yangu yanasema ijibu kwa Kiswahili kifupi, isinipambe kwa sifa, na isipojua iseme haijui. Ukimaliza unaipa jina kwa amri ya ollama create. Mimi naibandikia barua za maombi ya kazi inirekebishie, inanifupishia notisi ndefu, na nikitaka kwenda hospitali inanisaidia kupanga maswali ya kumuuliza daktari. Majibu ya ugonjwa naenda kuyachukua kwa daktari mwenyewe, maana modeli ndogo zinatunga. Iulize historia ya Unyambwa, itakupa machifu wasiokuwepo, kwa kujiamini kabisa. Hesabu za madeni pia usiiachie ijumlishe, kikokotoo kipo.

Ishu inayoniuma ni lugha. Modeli hizi zimekulia kwenye Kiingereza, kwa hiyo neno la Kiswahili linakatwakatwa vipande vingi kuliko la Kiingereza, na kwa kuwa mashine inatema kipande kimoja kimoja, jibu la Kiswahili linachelewa zaidi. Ndiyo maana nawaheshimu sana Jacaranda Health wa Kenya. Mwaka 2023 walichukua Llama 2 ya namba bilioni 7, wakaifunza kwa vipande zaidi ya milioni 320 vya Kiswahili, wakaiita UlizaLlama na kuiachia wazi. Lengo lao lilikuwa wajawazito na akina mama waliojifungua, wanaotuma maswali kwa meseji za kawaida kupitia huduma yao ya PROMPTS. Huku kwetu Bongo, kampuni ya Sartify imeinoa Gemma ya namba bilioni 2 kwa Kiswahili, ikaipa jina Pawa. Bilioni 2! Hiyo hata mashine iliyochoka inaibeba. Watu wa hapahapa wanatengeneza vitu vya saizi ya laptopu zetu, na sisi tunavisikia kidogo mno kitaani.

Sasa usije ukadhani kwa kuwa iko geto basi siri imejifunga yenyewe. Ollama inatunza mistari unayoandika kwenye faili linaloitwa history, ndani ya folda ya .ollama. Mshikaji akiazima laptopu aangalie muvi, anaweza kulifungua na kukusoma mwanzo mwisho. Kabla hujaanza maongezi mazito andika /set nohistory. Weka nywila ya kuwashia mashine, na isiwe tarehe yako ya kuzaliwa. Angalia pia jina la modeli: Ollama siku hizi ina modeli zenye neno cloud mwishoni, hizo zinakimbia kwenye seva zao, hazimo kwako. Na usiiweke laptopu juu ya godoro ikiwa kazini. Matundu ya hewa yanazibika, inachemka, inakuwa slo, na vumbi la upepo wa Singida tunalijua wote.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Ni hatua kubwa, naiunga mkono kwa moyo wote. Ila sheria inakuja kukutetea wakati taarifa zako ziko kwa mtu tayari. Ambacho hakijawahi kutoka geto hakina wa kukidai.

Kisha kuna ishu ya intaneti kukatika. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, intaneti ikayumba Tanzania na kwa majirani. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikarudi baada ya siku kadhaa. Siku za namna hiyo mwanafunzi mwenye modeli kwenye diski anaendelea kusoma, na fundi anaendelea kuandika makadirio ya kazi ya mteja, alimradi betri ina chaji.

Kwangu mimi kinachofuata ni sauti. Whisper, modeli ya kusikiliza iliyoachiwa bure na OpenAI Septemba 2022, inakimbia hukohuko kwenye laptopu na Kiswahili inakisikia, japo inateleza kwenye majina. Kinyaturu chetu haikufunzwa kabisa. Bibi zetu wanakiongea kila siku, na hakuna kampuni ya majuu itakayokuja Unyambwa kukirekodi kwa niaba yetu. Tukianza kurekodi wenyewe kwa ruhusa yao, na kuandika kila sentensi chini ya sauti yake, tutakuwa na cha kuifundishia mashine, na mafaili yatakuwa yetu. Simu ya kurekodia kila mtu anayo. Flashi yangu ina Gemma, Pawa na Whisper, ipo kwa yeyote. Mwenye laptopu ya RAM 8 aje nayo, na chaja asisahau.