Nani Hulipia Barabara? Mchango wa Mwananchi wa Busunzu

Mkulima wa Kata ya Busunzu, wilayani Kibondo mkoani Kigoma, anayepakia gunia la mahindi kwenye bodaboda, huenda akadhani kuwa gharama za barabara ni jukumu la wenye magari. Utaratibu wa fedha za barabara nchini unaonesha kuwa naye ni mlipaji.

Matengenezo ya barabara hugharimiwa zaidi na tozo inayokatwa katika kila lita ya petroli na dizeli, ambayo huingia katika Mfuko wa Barabara. Dereva huilipa kituoni anaponunua mafuta, kisha huirejesha kupitia nauli. Kwa hiyo, hata asiye na chombo cha moto huchangia kila anaposafiri au kusafirisha mazao.

Mchango huo umeongezeka. Mwaka 2017, Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kupandisha ushuru wa mafuta kwa shilingi 40 kwa lita. Mwaka 2021, iliongeza shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA).

Hata hivyo, fedha za Mfuko hulenga hasa matengenezo. Ujenzi mpya wa barabara kubwa huhitaji vyanzo vingine. Ndiyo maana barabara ya lami ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, yenye urefu wa takriban kilomita 260, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na mchango wa Serikali. Mkopo huo hulipwa kwa kodi za Watanzania wote, wakiwamo wasioipita, kwa kuwa barabara hiyo inaiunganisha Kigoma na mikoa mingine na nchi jirani ya Burundi.

Kwa mkulima, lami pekee haitoshi. Njia ya kutoka shambani ikikatika wakati wa masika, nauli ya gunia hupanda na faida hupungua. Barabara mbovu nayo ina tozo yake, isiyo na stakabadhi.

Kwa kuwa analipa, mwananchi ana haki ya kuhoji. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS; za wilaya ziko chini ya TARURA. Mkutano wa kijiji ni mahali pa kuanzia, ambapo kipande kilichoharibika kinaweza kutajwa na kufikishwa kwa diwani.