Samaki wa Maji Chumvi Nyumbani (2): Madoa Kutoweka Si Kupona

Wiki iliyopita tulieleza namna ya kuandaa maji ya tangi. Leo tuuangalie ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans.

Kangaja aliyevuliwa pwani ya Kenya akauzwa Ulaya hupitia wavu, tangi la msafirishaji, mfuko wa plastiki na ndege. Kote huko homoni ya kotisoli humpanda mwilini na kinga yake hushuka. Baharini vimelea hivi hutawanyika. Ndani ya kioo samaki hana pa kukimbilia.

Kimelea hujichimbia kwenye ngozi na matamvua, kikila siku 3 hadi 7. Kikishashiba huanguka, hujifunga ganda mchangani au kwenye mawe, kisha hugawanyika. Ganda moja laweza kutoa mamia ya vimelea vichanga, baada ya siku chache au hata wiki kadhaa. Hapo ndipo wafugaji wengi hupotea: wakiona ngozi imetakata hudhani samaki amepona, kumbe adui anazaana chini.

Kwa hiyo kila samaki mgeni akae karantini wiki 4 hadi 6, katika tangi lisilo na mchanga wala mawe, lenye vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Dawa ya shaba itiwe humo tu, kwa kipimo, kwani huua matumbawe, kamba na konokono.

Mapokezi nayo yana kanuni zake. Ndani ya mfuko uliofungwa, hewa anayotoa samaki huongeza asidi majini, na asidi hiyo hupunguza ukali wa amonia anayoitoa pia. Ukiufungua, gesi hutoka, asidi hupungua, na amonia ileile hugeuka sumu kali. Basi muulize muuzaji mapema kiwango cha chumvi cha maji yake, ulinganishe na karantini yako. Uache mfuko uelee ukiwa umefungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha ufungue na umhamishe samaki mara moja. Maji ya mfuko yamwage nje. Zima taa, na siku hiyo usimsumbue.

Samaki hawezi kusema anaumwa. Anayemtoa baharini amebeba dhamana ya uhai wake, na wiki hizo za subira karantini ni haki ya samaki huyo.

Wiki ijayo: chakula, na ugomvi ndani ya tangi.