Njia Mbili Katika Mtaro Mmoja ni Njia Moja

Kijiko cha tingatinga hakitofautishi udongo na faiba. Mkandarasi akipanua barabara, akizibua mfereji wa maji au akichimba msingi wa duka kandokando ya barabara kuu ya A1, hukata kebo nyeusi nyembamba kuliko kidole gumba. Kabla hajazima injini, ofisi, benki, zahanati na vibanda vya saiba katika miji kadhaa huwa vimekwama. Wakazi wa kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya wameizoea kero hii kiasi kwamba wanasema tu, "mtandao umepotea," kisha wanasubiri.

Kusubiri huko kuna gharama. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya bima ya afya ya NHIF Oktoba 1, 2024, mgonjwa anasajiliwa na kuthibitishwa kupitia mtandao. Mchuuzi wa omena Mbita analipwa kwa simu. Mkulima wa miwa Awendo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo na karani wa kaunti wote wanategemea uzi uleule wa kioo. Ukikatika, hakuna anayerudi kwenye daftari, kwa sababu madaftari yenyewe yaliondolewa zamani.

Ndiyo maana kaunti hizi mbili zinastahili kuwa na kituo chao cha kubadilishana intaneti, kilichosukwa kwa faiba na kuwekwa mahali ambapo kampuni zote zinaweza kukutana. Lakini kituo hicho kitakuwa na maana tu ikiwa kitajengwa kwa lengo la kustahimili mikasa. Kasi peke yake haitoshi kuhalalisha gharama yake.

Kazi ya kituo cha aina hii si ngumu kuieleza. Ofisi iliyoko Migori inatumia kampuni moja ya intaneti na hospitali ya Homa Bay inatumia nyingine. Kampuni hizo zisipokuwa na mahali pa kukutana karibu, faili inayotoka ofisi moja kwenda nyingine husafiri hadi Nairobi na kurudi, sawa na abiria wa Homa Bay anayepanda matatu Migori na kulazimishwa kupitia stendi ya Nairobi kwanza. Kituo cha kubadilishana ni chumba chenye swichi ambamo kila kampuni huleta waya wake, na ruta zao hupeana habari za njia kwa itifaki iitwayo BGP. Faili ya Homa Bay huenda Homa Bay moja kwa moja.

Kenya ililijua hili mapema. Novemba 2000, watoa huduma za intaneti walio katika chama cha TESPOK walifungua kituo cha KIXP jijini Nairobi. Siku hizo barua pepe kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa wa pili ilipanda setilaiti, ikavuka bahari, kisha ikarejea. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na mdhibiti wa wakati huo, CCK, akaamuru kituo kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002 kikiwa na leseni. Safari ya data iliyochukua milisekunde 200 hadi 600 ikashuka hadi kati ya 2 na 10. Utafiti wa Internet Society uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba sehemu ya trafiki inayopatikana humu nchini ilikuwa imepanda kutoka asilimia 30 mwaka 2012 hadi asilimia 70, na kwamba kituo hicho kiliokoa takriban dola milioni 6 kila mwaka.

Manufaa hayo ya kasi hayatajirudia Migori kwa kiwango kilekile, na ni vyema kusema hivyo waziwazi. Mwanga ndani ya kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Migori hadi Nairobi ni kama kilomita 370 kwa barabara, kwa hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde nne hivi, ukiongeza kidogo kwa sababu ya mitambo ya katikati. Hakuna daktari wala mwanafunzi atakayeuhisi muda huo. Anachohisi ni saa tano au siku nzima ya kukosa mtandao, na hapo ndipo penye kazi.

Mei 12, 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Kwenye karatasi zilikuwa kebo mbili za kampuni mbili. Baharini zilipita mahali pamoja, na mkasa mmoja ukazifikia zote.

Hali hiyo ipo nchi kavu pia, nayo ni rahisi kufichika. Ofisi inaweza kununua huduma kwa kampuni mbili na kulipa bili mbili, kumbe kampuni zote mbili zimekodi nyuzi ndani ya kebo moja, au kebo mbili ndani ya mtaro mmoja. Itazame ramani ya eneo hili. Barabara ya A1 inateremka kutoka Kisii, inapita Rongo, Awendo na Migori hadi mpakani Isebania. Rongo ndipo barabara ya Homa Bay inapochepuka kuelekea Rodi Kopany. Mchora ramani asipokuwa makini, kila kitu cha kaunti zote mbili kitapitia Rongo, na tingatinga moja kwenye makutano yale litawanyamazisha watu wa milimani na wa ziwani kwa wakati mmoja.

Bahati nzuri ni kwamba jiografia imetoa milango zaidi ya mmoja. Wa kwanza ni huo wa Kisii, unaoelekea Nairobi kupitia Narok. Wa pili unatoka Homa Bay kupitia Kendu Bay na Katito hadi Kisumu. Wa tatu uko Mbita, ambako feri huvuka ghuba hadi Luanda Kotieno upande wa Siaya. Mawimbi ya mikrowevu kutoka mnara hadi mnara yanaweza kuvuka maji hayo bila kuchimba hata futi moja. Wa nne uko Isebania, kwa sababu ng'ambo ya mpaka, Sirari na Tarime ziko katika mkoa wa Mara, na mbele yake kuna Mwanza. Ndani ya eneo lenyewe, duara linaweza kufungwa kwa kupitia upande wa ziwa: Homa Bay, Mbita, Sindo, Karungu, kisha Migori. Kebo ikikatwa Awendo, mawasiliano yatazunguka upande wa pili.

Kila mlango una hatari zake. Mto Kuja hufurika Nyatike na kubeba kila kilicho bondeni. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kuvuka rekodi ya 1964 na kuzamisha fuo, kwa hivyo kebo ya ufuoni haina budi kupanda mwinuko. Karibu na Macalder, wachimbaji wa dhahabu hupekua ardhi kila siku. Dhidi ya majembe, kinga bora ni faiba inayoning'inizwa juu ya minara ya umeme wa msongo mkubwa, njia ambayo Kenya Power imekuwa ikiikodisha kwa kampuni za mawasiliano kwa miaka mingi. Tatizo liwe tofauti kwa kila njia. Hiyo ndiyo kanuni. Njia ya chini ya ardhi isaidiwe na ya juu ya minara, na ya minara isaidiwe na ya mawimbi. Setilaiti za Starlink, zilizoanza huduma Kenya Julai 2023, zinaweza kuwa akiba ya mwisho kwa hospitali, ingawa haziwezi kubeba mzigo wa mji mzima.

Ukikaribia kazi yenyewe unaona jinsi hesabu ilivyo finyu. Fundi wa kuunga faiba huketi chini ya mwavuli kando ya barabara, akamenya koti la plastiki, akafuta uzi kwa spiriti, akaukata kwa kisu maalumu ili ncha iwe bapa, kisha akaziweka ncha mbili ndani ya mashine inayozichomelea kwa cheche. Kioo chenyewe ni chembamba kama unywele. Muungo ukiwa mzuri, mwanga unaopotea hauzidi desibeli 0.1. Vumbi likiingia, hasara huwa mara kadhaa ya hiyo.

Sasa piga hesabu ya Migori hadi Homa Bay kupitia Rongo, kebo ya kama kilomita 80 ukijumlisha mizunguko ya akiba. Kioo hupoteza desibeli 0.2 kwa kila kilomita, jumla 16. Miungo ishirini inaongeza 2, na viunganishi vya mwisho vinaongeza moja. Hiyo ni 19. Vifaa vya kawaida vya masafa ya kilomita 80 huvumilia takriban 23. Zinabaki nne, na kila mkato unaokarabatiwa kwa kipande kipya huongeza miungo miwili. Baada ya miaka michache ya ujenzi wa barabara, laini iliyofanya kazi vizuri siku ya uzinduzi itaanza kukohoa bila mtu kujua sababu. Dawa ni kuigawa mara mbili kwa kuweka mtambo Rongo, lakini hapo Rongo nayo itahitaji betri, mlinzi na ufunguo unaopatikana usiku wa manane.

Ndani ya chumba cha kituo kuna mtego mwingine. Mbunifu hushawishika kutandaza swichi moja katika miji yote miwili ili ionekane kuwa kituo kimoja kikubwa. Waya wa katikati ukikatika, kituo hupasuka vipande viwili huku ruta za kila upande zikiendelea kuamini kwamba wenzao wapo, na data hutumwa kwenye shimo. Ni salama zaidi kila mji uwe na swichi yake, anwani zake na seva zake za kutangaza njia, kisha miji hiyo iunganishwe kwa njia zinazojulikana. Homa Bay ikibaki kisiwa, iwe kisiwa kinachojitosheleza.

Kujitosheleza huko kunahitaji kitu cha kubadilishana. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ukiwa Nairobi, swichi ya Migori haitausaidia siku ya mkato. Seva za kufumbua majina ya tovuti zikiwa mbali, hata ofisi mbili zinazotazamana ng'ambo ya barabara zitashindwa kupatana. Kwa hivyo chumba hicho kiwe na seva ya kufumbua majina, nakala ya kumbukumbu za hospitali za rufaa za kaunti, masomo ya vyuo vikuu vya Rongo na Tom Mboya, na akiba ya video na masasisho ya programu ambayo kampuni kubwa za nje huwapa watoa huduma ili zisisafirishwe kila mara. Wateja wa simu za mkononi watanufaika kwa kiasi kidogo mwanzoni, kwa kuwa malango ya mitandao hiyo kwa kawaida yapo katika miji mikubwa. Watakaofaidi kwanza ni taasisi na nyumba zilizounganishwa kwa waya au Wi-Fi.

Umeme nao haukubali kusahaulika. Agosti 25, 2023, nchi karibu yote ilizama gizani kwa saa nyingi. Kituo kidogo kinachotumia wati 300 kinahitaji kilowati-saa 7.2 kwa siku; betri za lithiamu zenye uwezo wa kilowati-saa 9 na paneli za sola kwenye paa zinatosha kukivusha. Gharama hiyo ni ndogo ukiilinganisha na kuchimba kilomita chache za mtaro.

Majirani wametangulia. Uganda ilianzisha kituo chake Kampala mwaka 2001. Tanzania haikuishia Dar es Salaam. Ina vituo Arusha, Mwanza, Mbeya na Dodoma. Goma, mashariki mwa Kongo, mji uliobeba volkano na vita, una kituo chake cha GOMIX, mbali kabisa na Kinshasa. Mwanza iko kwenye ziwa lilelile wanalovulia watu wa Mbita.

Lililo gumu kuliko vifaa vyote ni kuaminiana. Yaliyoipata KIXP mwaka 2000 yalitokana na mmoja kuhofia kwamba wenzake wakikutana, yeye atapoteza. Chumba kikiwa mali ya kampuni moja, mshindani wake hataingia. Kikiwa chini ya gavana mmoja, kaunti ya pili itakishuku na uchaguzi ujao utakitikisa. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo: kisimamiwe na chama cha wanachama wenyewe, kipewe nafasi na chuo kikuu kilichokwisha kuunganishwa na mtandao wa elimu wa KENET, na ada zake ziwe za kulipia umeme na fundi tu. Serikali za kaunti zitoe kile ambacho zenyewe ndizo zilizo nacho: ruhusa ya kupitisha kebo bila urasimu, na sheria kwamba kila barabara inayojengwa ilaziwe bomba tupu la faiba kabla ya lami, ili pasichimbwe tena.

Kazi ya kwanza, kabla ya kununua swichi, ni kuwaketisha watoa huduma wote mezani na kuwataka wachore njia halisi za kebo zao, mtaro kwa mtaro na daraja kwa daraja. Ya mwisho, kituo kikishasimama, ni kuweka siku moja kila mwaka, siku ya kazi, saa nne asubuhi, mafundi wachomoe njia kuu makusudi mbele ya viongozi wa kaunti zote mbili. Karani wa hospitali akiendelea kusajili wagonjwa bila kuuliza lolote, fedha za umma zitakuwa zimetumika vizuri. Akiuliza, kasoro itakuwa imeonekana mchana kweupe, mafundi wakiwa papo hapo, badala ya kungoja usiku wa mvua ambapo uhai wa mtu utategemea jibu.