Gerald Moore: Mpiga piano aliyewapa hadhi wasindikizaji wa waimbaji

KWA miaka mingi, mpiga piano aliyemsindikiza mwimbaji wa muziki wa klasiki barani Ulaya alichukuliwa kuwa mtumishi tu. Katika ratiba ya tamasha, jina lake liliandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la mwimbaji, au likaachwa kabisa. Miongoni mwa waliobadilisha dhana hiyo, Mwingereza Gerald Moore ndiye anayetajwa zaidi.

Moore alizaliwa mjini Watford, karibu na London, mnamo 1899. Familia yake ilihamia Canada angali kijana, na huko akajipatia riziki kwa kupiga kinanda kanisani na katika majumba ya sinema, enzi ambapo filamu hazikuwa na sauti. Alirejea Uingereza mwaka wa 1919. Landon Ronald, aliyekuwa mkuu wa chuo cha muziki cha Guildhall jijini London, ndiye aliyemshauri ajikite katika kazi ya usindikizaji.

Hata hivyo, shule yake halisi ilikuwa mazoezi na mwimbaji John Coates katika miaka ya 1920. Coates hakuridhika na kijana aliyejua kupiga noti zilizoandikwa bila kosa. Alimtaka afahamu maneno ya shairi, maana yake na hisia zake, kisha azifanye zisikike kwenye piano. Baadaye Moore alikiri kwamba ni Coates aliyemfungua macho.

Umuhimu wa funzo hilo hudhihirika katika nyimbo za Franz Schubert, mtunzi kutoka Vienna aliyefariki mwaka wa 1828 akiwa na umri wa miaka 31 tu, na kuacha nyimbo zaidi ya 600. Katika wimbo wake Erlkönig wa mwaka wa 1815, mwimbaji husimulia kisa cha baba anayekimbia usiku kwa farasi akiwa amempakata mwanawe mgonjwa. Lakini farasi mwenyewe yumo kwenye piano. Mkono wa kulia hurudia noti zile zile kwa kasi karibu wimbo mzima, na wapiga piano wengi huumwa na mkono kabla ya kufika mwisho. Kwa hivyo, msindikizaji akilegea, farasi naye husimama.

Isitoshe, sauti za waimbaji hutofautiana. Wimbo uliotungiwa sauti ya juu huenda ukaimbwa na mwenye sauti nzito, na hapo hulazimu muziki wote ushushwe. Vidole vilivyozoea njia moja hutakiwa kupita njia nyingine, wakati mwingine baada ya ilani fupi mno.

Jambo gumu zaidi ni pumzi. Msindikizaji hukaa nyuma ya mwimbaji au kando yake, na mara nyingi hawawezi kutazamana usoni. Hana budi kutambua kwa sikio ni lini mwenzake atavuta pumzi, ampe nafasi, na kumwokoa endapo ataruka mstari. Akifanya hayo barabara, hadhira haitambui lolote. Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa.

Moore aliamua kuutangaza uundaji huo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitoa mihadhara kuhusu kazi yake, huku akipiga piano na kuchekesha watu. Mnamo 1943 alichapisha kitabu ambacho jina lake lilitangaza kuwa msindikizaji hana haya na kazi yake. Kingine cha mwaka wa 1962 kilichukua jina kutokana na swali linalowasumbua wote wa fani hiyo: je, piano yangu ina kelele mno?

Mnamo Februari 20, 1967, waimbaji watatu mashuhuri, Dietrich Fischer-Dieskau, Elisabeth Schwarzkopf na Victoria de los Ángeles, walikusanyika katika ukumbi wa Royal Festival Hall, London, kumuaga. Usiku huo ndio waliokuja kwa ajili ya msindikizaji. Mwishoni Moore alibaki jukwaani peke yake na kupiga wimbo wa Schubert wa kuushukuru muziki, bila mwimbaji.

Aliendelea kurekodi hadi miaka ya 1970, yakiwemo mamia ya nyimbo za Schubert aliyoyafanya na Fischer-Dieskau. Alifariki mwaka wa 1987.

Njia aliyoifungua imepitwa na wengi. Mmoja wao ni Graham Johnson, mzaliwa wa Bulawayo, katika Zimbabwe ya leo, aliyepata mafunzo kwa Moore. Ndiye aliyeongoza mradi wa kurekodi nyimbo za Schubert katika diski 37, akishirikisha waimbaji wengi huku piano ikiwa yake.

Leo, mashindano ya uimbaji kama yale ya Kathleen Ferrier nchini Uingereza humtengea mpiga piano tuzo yake. Wengi wa wasindikizaji wa sasa hata hulikwepa jina hilo la zamani, wakipendelea kuitwa wapiga piano tu, kwa hoja kwamba wimbo ni kazi ya watu wawili.