Namna Vita Vinavyoenea: Fundisho la Mwaka 1998

Vita vinapoanza, watu wengi huuliza kwanza: nani atashinda? Hilo ni ulizo la askari. Padri na katekista inapashwa waulize ulizo lingine: vita hivi vinaweza kufika wapi, na watu wetu watafanya nini vikifika mlangoni? Katika inchi yetu ya Congo tumelijua jibu kwa machozi. Tuangalie tena vita vya 1998, si kwa kuchokoza kidonda, lakini kwa kufahamu namna kidonda kilivyopanuka.

1. Moto ulianza wapi, na ulifika wapi?

Mwisho wa mwezi wa saba 1998, Rais Laurent-Désiré Kabila aliamuru askari wageni watoke Congo, nao ni wale waliomsaidia kumwondoa Mobutu mwaka uliotangulia. Tarehe 2 Agosti uasi ukatokea Goma na Bukavu. Waasi hao, walioitwa baadaye RCD, walitegemea nguvu za Rwanda na Uganda. Siku mbili kisha, ndege zikatoka Goma zimebeba askari mpaka Kitona, karibu na bahari, upande wa pili wa inchi. Wakateka bwawa la Inga, na umeme wa Kinshasa ukakatika.

Kabla ya mwezi ule kwisha, Zimbabwe, Angola na Namibia walikuwa wamekwisha kutuma majeshi kusaidia serikali, Chad ikafuata. Hivi, kwa muda wa majuma machache tu, vita vya Kivu vikawa vita vya mataifa.

Kwa nini haraka vile? Kwa sababu kila serikali ilikuwa na hofu yake. Rwanda ilisema inawafuata wale waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994 na kukimbilia Congo. Uganda ilisema inalinda mpaka wake juu ya waasi wake. Angola iliogopa UNITA wasipate njia ya kupitia kwetu. Kila mmoja alisema: najitetea. Kisha tamaa ikaja kukaa juu ya hofu: dhahabu, almasi, koltani, mbao. Mahakama ya Kimataifa ya La Haye, katika hukumu yake ya 2005, iliona kwamba Uganda ilivunja sheria kwa kuingia Congo na kwamba ilikosa vilevile juu ya uporaji wa mali. Mwaka 2022 ikaiamuru kulipa dola 325,000,000.

Tuone vizuri ginsi jambo hili linavyotembea. Hofu ya mmoja inaamsha hofu ya mwenzake. Anayekuja kusaidia analeta pamoja naye maadui zake. Na yule aliyeingia kwa hofu anapata faida, kisha hataki tena kutoka. Hata urafiki wa vita haukai. Mapatano ya Lusaka yalitiwa sahihi na mataifa sita tarehe 10 Julai 1999. Lakini mwezi uliofuata Rwanda na Uganda, waliokuwa wameingia pamoja, wakapigana Kisangani. Walipigana tena mwaka 2000, na vita vya siku sita vya mwezi Juni vilikuwa vibaya kupita vyote. Maelfu ya mabomu yaliangukia mji usiokuwa wa mmoja wala wa mwingine. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa raia zaidi ya 760 waliuawa.

2. Watu walijibu namna tatu

Hayo ni matendo ya serikali, na padri wa parokia hana mkono humo. Lakini watu wenyewe walifanya nini? Hapo kuna fundisho letu.

Jibu la kwanza lilikuwa hasira iliyozaliwa na hofu. Kinshasa ilikuwa gizani, maji yalikosekana, wagonjwa walikufa hospitalini. Mwisho wa Agosti waasi walifika Masina na Ndjili. Redioni sauti za wakubwa ziliwaita watu kumtafuta adui kati yao. Raia wakawakamata watu, wakawachoma kwa matairi njiani. Wengine waliochomwa walikuwa waasi walioshindwa na njaa; wengine hawakuwa na kosa lolote isipokuwa sura, kimo au namna ya kusema. Wenye kuchoma walifikiri wanazima vita. Kumbe walivipa kuni. Kila aliyechomwa kwa ajili ya kabila lake alikuwa sababu mpya katika kinywa cha wale waliosema: tunapigana kwa kuwalinda ndugu zetu.

Na upande wa mashariki ilikuwa vile vile. Tarehe 24 Agosti 1998, kule Kasika katika Kivu ya Kusini, askari waliokuwa wameviziwa na kupoteza wakubwa wao walilipiza kisasi juu ya watu wasio na silaha. Waliua padri wa parokia, watawa, mwami na jamaa yake, na raia wengi sana. Hivi maiti za magharibi na za mashariki zikawa zinaitana. Mwenye kusimulia za huku alizificha za kule, na mwenye kusimulia za kule alizificha za huku.

Jibu la pili lilikuwa uchovu. Zimbabwe ilituma askari karibu 11,000 katika vita visivyo kwenye mpaka wake, na watu wake walinung'unika: kwa nini fedha zetu na watoto wetu viishie huko? Mwezi Januari 1999 waandishi wawili wa gazeti The Standard la Harare walikamatwa na kuteswa, kwa sababu waliandika juu ya maofisa waliosemekana kupanga kuipindua serikali kwa kutopendezwa na vita hivyo. Uchovu si dhambi. Mara nyingine ni akili ya watu maskini. Lakini uchovu peke yake hauna macho. Unataka vita viishe kwangu, na haujali kama vinaendelea kwa jirani.

Jibu la tatu tuliliona Bukavu. Katika barua yake ya Noeli 1999, Askofu Mkuu, Monsenyori Emmanuel Kataliko, alisema wazi kwamba wageni, pamoja na wandugu wengine wa inchi, walifanya vita kwa mali ya inchi yenyewe. Hakulisahau Kanisa lake: alikumbusha kwamba nalo linapashwa kugeuka. Mwezi Februari 2000 watawala wa RCD wakamzuia kurudi Bukavu, akabaki Butembo, jimbo lake la zamani. Waamini wa Bukavu walikataa. Ibada zikasimamishwa, makanisa yakafungwa siku nyingi, watu wakasali na kudai mchungaji wao bila kushika panga. Ilichukua miezi saba. Tarehe 14 Septemba alirudi, na mji mzima ukatoka kumpokea. Tarehe 4 Oktoba alifariki Roma.

3. Je, kunyamaza ndiyo amani?

Fratri mmoja atauliza: mkituonya juu ya hasira ya watu, si mnatuambia tukubali kuonewa? Hapana. Inchi iliyoshambuliwa ina haki ya kujitetea, na Kanisa halijaikana haki hiyo. Lakini haki hiyo ni ya serikali halali na ya majeshi yenye sheria. Haimpi mtu wa njiani ruhusa ya kumhukumu jirani kwa pua yake. Monsenyori Kataliko hakunyamaza hata kidogo. Alitaja kosa, akataja wenye kulifanya, akalipa bei yake. Lakini alihukumu matendo, hakuhukumu damu wala kabila. Tofauti yote iko hapo. Aliyesema juu ya matendo anamwachia mkosaji njia ya kurudi. Aliyesema juu ya kabila ameifunga njia hiyo hata kwa mtoto mchanga.

4. Kazi yetu

Mtakatifu Yakobo alifananisha ulimi na moto mdogo unaochoma msitu mkubwa. Mwaka 1998 moto huo ulipita redioni. Leo unapita pia katika simu ya kila kijana. Mwezi Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa M23, siku iliyofuata makundi ya watu Kinshasa yalishambulia ubalozi wa Rwanda, wa Ufaransa, wa Ubelgiji, wa Marekani na wengine. Uchungu wao ulikuwa wa kweli. Lakini madirisha yaliyovunjwa hayakumrudisha mkimbizi hata mmoja nyumbani kwake.

Basi, habari mbaya ikifika misioni, tuulize maulizo matatu kabla ya kuipeleka mbele. Nani ameiona kwa macho? «Wanasema» hana uso wala jina. Je, inataja tendo la mtu, ao inashitaki kabila zima? Na nikiisema leo kanisani, nani atalala kwa hofu usiku huu? Kama habari ni ya kweli, tuiseme yote, pamoja na maiti za upande wetu na maiti za upande mwingine. Kama mtu anafuatwa na kundi, mlango wa misioni ufunguke kwanza, maulizo yatafuata.

Wataalamu wamebishana juu ya hesabu ya wafu wa vita vile. Shirika la International Rescue Committee lilikadiria watu 5,400,000 kati ya 1998 na 2007. Wengine wanasema ni pungufu. Lakini wanapatana juu ya jambo hili: walio wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa porini kwa malaria, kuhara na njaa, baada ya kukimbia. Hawa hawakuwa na bendera. Vita vikianza kupanuka tena, tuwakumbuke hawa kwanza, kabla ya kuuliza nani atashinda.