Laptopu imekufa? Usiitupe kabla hujaifungua

Karibu kila nyumba mtaani ina lile boksi chini ya kitanda: chaja ambazo hakuna anayejua ni za nini, redio iliyonyamaza, laptopu iliyogoma kuwaka tangu ukiwa Form Two. Mama akifagia anauliza, "Hizi takataka utazitupa lini?"

Usiharakishe kumjibu. Mashine ikifa, huwa haifi yote.

Chukua betri ya laptopu ya zamani, ile nene ya kuchomoka. Mara nyingi ndani utakuta seli 6 za mviringo, kila moja na upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ndiyo maana mafundi huziita 18650. Kwa kawaida hupangwa jozi tatu. Jozi moja ikichoka, betri nzima inagoma hata kama nyingine bado ziko fiti. Yaani unatupa sita kwa sababu ya mbili.

Tafuta mita ya kupima umeme, uzipime moja moja. Seli iliyojaa hufika volti 4.2. Iliyo chini ya volti 2, achana nayo kabisa, hata ikikubali kuchaji. Nzuri zichaji kwa kibao cha TP4056 chenye ulinzi, kinachopatikana kwa bei nafuu kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi. Ziache wiki moja kisha upime tena. Iliyoshuka sana ni mgonjwa. Iliyosimama palepale, ukiiongezea kibao cha kupandisha volti hadi 5, itakuchajia simu stima zikipotea.

Printa nayo ni hazina. Ndani yake kuna mota, mikanda, gia na vyuma vilivyonyooka, vitu ambavyo mwanafunzi anayeunda roboti angevinunua kwa pesa nyingi.

Lakini tahadhari kabla ya hatari. Seli za lithiamu ukizitoboa kwa bisibisi zinaweza kulipuka moto, kwa hivyo zifungue polepole na usizichaji ukiwa umelala. Maikrowevu usiiguse: kapasita yake inaweza kukuua hata baada ya kuchomoa plagi. Televisheni za zamani zenye kisogo, vivyo hivyo.

Na usichome nyaya ili kupata shaba. Moshi wa plastiki ile ni sumu kwako, na kwa mtoto wa jirani anayecheza hapo nje. Kisu kikali na subira vinatosha kumenya waya. Mabaki usiyoyataka, hasa seli mbovu, usiyatie kwenye pipa la kawaida. Nairobi kuna WEEE Centre, kituo kinachopokea taka za kielektroniki.

Hujawahi kufungua chochote? Anza na rahisi Jumamosi hii. Toa feni ya volti 12 kwenye kompyuta ya mezani iliyokufa, kisha tafuta chaja ya volti 12 ya ruta ya zamani. Kata kichwa cha chaja ikiwa haijachomekwa, pima kwa mita ujue upande chanya, kisha uunganishe na waya mwekundu wa feni. Mweusi uende kwa hasi. Funga viungo vizuri kwa tepu, ndipo uchomeke.

Feni ikizunguka, ipeleke jikoni impepee mama. Hapo ndipo utamjibu swali lake.