Mayai ya Mpumbu

Mama anunuapo samaki sokoni Likasi, akampasua na kukuta mayai tele tumboni, hufurahi. Sisi nasi hufurahi mezani. Lakini, wasomaji wapenzi, tumepata kujiuliza mayai yale yameundwaje?

Kazi huanza kichwani mwa samaki. Chini ya ubongo wake ipo tezi ndogo, nayo hupeleka ujumbe kwa njia ya damu hata kwenye kifuko cha mayai. Humo, kila yai limezungukwa na tabaka mbili za chembe hai. Tabaka ya nje hutengeneza homoni iitwayo testosteroni. Ya ndani huipokea na kuigeuza kuwa estradioli. Zote mbili ni za jamii ya steroidi. Estradioli husafiri katika damu mpaka kwenye ini, na ini, likiisha kupata amri hiyo, hutengeneza chakula cha kiini cha yai. Chakula hicho huchukuliwa na damu kuyajaza mayai, siku kwa siku, kwa majuma na miezi.

Mayai yakiisha kujaa, bado hayajakomaa. Tezi hupeleka ujumbe wa pili. Tabaka zile zile huacha kufanya estradioli, zikafanya steroidi nyingine, ambayo ndiyo hulikomaza yai. Mwaka 1985 wataalamu wa Japani, Nagahama na Adachi, waliitambua steroidi hiyo katika samaki wa jamii ya samoni. Kwa samaki wengi wa baharini, hapo yai hunyonya maji, likawa jepesi kuliko maji ya chumvi, likaelea.

Basi amri kubwa huja mwishoni kabisa. Samaki akivuliwa kabla ya saa hiyo, kazi yote ya miezi imepotea.

Tunao mfano huku Katanga. Zamani mpumbu wa ziwa Mweru walipanda mto Luapula kwa makundi makubwa wakati wa mvua, wapate kutaga. Wavuvi waliwangoja njiani kwa nyavu, nao samaki wakauzwa hata kwa watu wa migodi. Mayai yao yalipendwa sana. Kufikia miaka ya 1950 makundi yale yalikuwa yamekwisha.

Tusimlaumu mvuvi peke yake: yeye huvua tukipendacho sisi wanunuzi. Sisi wa Likasi hula samaki wa Lufira na wa ziwa Tshangalele. Wanapopanda kutaga, tuwaache wapite kwanza. Mkulima mwenye busara haipiki mbegu yake ya kupanda.